Jogoo wa Kukombolea Bamba

Siku hizi mtu akifanya mzaha kwenye uwanja wa ndege anakamatwa, na ukutani wameandika kabisa kwamba mzaha ni kosa. Zamani, pale Tabora, askari wa uwanja wa ndege alikuwa na mtani wake, na utani wao ulikuwa na sheria zilizojulikana na watu kuliko hizo za ukutani.

Askari huyo aliitwa Raymundi Ngollo, Mnyamwezi wa Kwihara, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ndogo isiyolingana na kimo chake. Wakati wa vita vya Hitla alikuwa Tanga akikata mkonge, si kwa kupenda bali kwa kuandikwa na jumbe wake, na aliporudi viganja vyake vilikuwa kama gome la mninga. Mke wake, Koleta, alivishika viganja vile, akavigeuza, akamwambia, "Ukienda tena manamba, usirudi hapa. Utanikuta kwa baba." Na Koleta hakuwa mwanamke wa kusema jambo kisha akalisahau.

Kwa hiyo Waingereza walipotafuta watu wa kulinda uwanja wa ndege, Raymundi alifika mlangoni kabla mlango haujafunguliwa.

Watu wengi mjini walidhani kazi ile ni upolisi. Upolisi hasa haukuwa. Polisi wa kweli walikuwa na kambi yao, tarumbeta zao na pensheni yao ya uzeeni. Askari wa uwanja aliajiriwa mwezi kwa mwezi, kama mpishi. Lakini aliapishwa mbele ya hakimu, mkono juu, kama polisi, na maneno ya kiapo yalitafsiriwa na karani Eustace. Huyu Eustace alisoma Kipalapala akiutafuta upadri, akaukosa, akabaki na Kilatini kisicho na kazi na Kiingereza chenye kazi nyingi.

"Hakimu anasema hivi," alisema Eustace. "Ndani ya mawe meupe yanayouzunguka uwanja, wewe ni polisi kamili. Unaweza kumsimamisha mtu yeyote, kumpekua mizigo yake, kumkamata bila hati ya hakimu, na kumpeleka kituoni mjini bila kumchelewesha. Yeyote, maana yake yeyote."

"Hata Mzungu?"

Eustace hakulitafsiri swali hilo. "Nje ya mawe meupe," aliendelea, "wewe ni Raymundi tu, isipokuwa kama unamfukuza mtu aliyekimbia kutoka ndani. Na haya yote ni ukiwa umevaa bamba. Bila bamba, hata ndani ya mawe, wewe ni Raymundi tu."

Bamba lenyewe lilikuwa kipande cha shaba chenye taji la Mfalme, kimeshonewa kwenye ukanda wa ngozi unaofungwa kwa bizimu mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Raymundi alilala nalo nyumbani, maana ndege ikitua ghafla angeweza kuitwa. Koleta alilisugua kwa jivu na ndimu mpaka ukiliangalia unajiona meno.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa majaribio. Akiumaliza bila doa, angethibitishwa kazini: nyumba ya matofali na bati nyuma ya uwanja, likizo, kiinua mgongo mwisho wa utumishi, na juu ya yote, mkonge angeusikia kwa watu. Lakini askari aliyempa mtu mwingine bamba lake alifukuzwa siku hiyohiyo. Likiibiwa, na mwizi akapatikana, askari hakuwa na hatia. Raymundi aliyashika masharti hayo kama alivyoishika Baba Yetu.

Mle uwanjani alimkuta Saidi Masika, Mzaramo wa Kisarawe, aliyeletwa na kampuni ya mafuta kujaza petroli kwenye ndege kwa pampu ya mkono. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Si watani hawa wa leo, timu mbili za mpira za Dar es Salaam kutupiana maneno redioni, ambao ndio peke yao waliobaki na jina hilo. Utani ule ulizaliwa katika njia ya misafara. Babu wa huyu alitoka bara na pembe begani, akaingia nchi ya babu wa yule akiwa mgeni, mgonjwa, na pengine akafia hukohuko, miezi mingi kutoka kwao. Nani angemzika? Mtani. Ndiyo maana mtani alipewa haki ambazo ndugu hana. Aliweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Aliweza kula chakula chako bila kualikwa. Aliweza kuchukua kitu chako mwilini mwako, nawe ukamtazama tu, kisha ukakikomboa kwa kuku, na mambo yakaisha. Ukikasirika, unalipa zaidi. Leo ukimweleza kijana habari hizi anakuuliza kwa nini mtu huyo hakushtakiwa.

Asubuhi ya kwanza Saidi alifika akiviringisha pipa, akasimama penye mstari wa mawe, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

"Haya, mtumwa wangu," alisema. "Nikamate."

"Una kibali cha kuingia?"

"Mguu wa kulia unacho. Wa kushoto umekisahau nyumbani."

"Basi wa kulia upite. Wa kushoto ungoje hapo juani."

"Nyie Wanyamwezi! Babu zenu walibeba meno ya tembo mpaka Bagamoyo, hawakubakiziwa hata ukucha. Leo mmefungwa kipande cha shaba mkononi mnajiona masultani."

"Na babu yako alimpokea babu yangu kwa dafu moja, wakaligawana msafara mzima. Toa kibali, Mzaramo, au urudi ukakwee mnazi."

Wapakiaji waliangua kicheko. Saidi akavua kofia yake ya kiua, akatoa kibali ambacho kilikuwa humohumo siku zote. Ikawa ndivyo kila asubuhi, na mtu akifika uwanjani akakuta wawili hao wamenyamaza, aliuliza nani mgonjwa. Hata mkubwa wa uwanja, Mwingereza ambaye watu walimwita Bwana Miluzi, alizoea kusimama dirishani kuwatazama bila kuelewa neno. Bwana Miluzi alipiga mluzi akiwa na furaha na alipiga mluzi akiwa na hasira, na wafanyakazi walizijua sauti mbili hizo kama wanavyojua kengele za misa.

Majaribio yalikuwa yamekaribia kuisha, na Koleta alikwisha kwenda mara mbili kuichungulia nyumba ya matofali, alipokuja jirani wa Kwihara kwa baiskeli. Aliiegemeza nje ya mawe meupe kwa adabu, akasema kwa Kinyamwezi kwamba Bi Pelagia, mama yake Raymundi, hakuamka.

Masharti yaliruhusu siku moja ya kumzika mzazi. Raymundi aliondoka vilevile alivyo, kaptula ya kaki, kofia, na bamba mkononi, akatembea njia ile ya mchanga ambayo misafara iliikanyaga mpaka ikawa kama mfereji. Hakulia. Alifika, akasalimia wazee, akauona mwili, akaonyesha mahali pa kuchimba, na bado hakulia. Wanawake walianza kunong'ona. Koleta alimtazama kwa wasiwasi, maana mwanamume akimeza kilio cha mama yake, kitamtokea pengine.

Kaburi lilipokuwa tayari, na katekista Ambrosi amefungua kitabu chake cha sala, ukasikika mlio wa ngoma ya debe barabarani. Wazaramo wa mjini walikuwa wanakuja, Saidi mbele, amejifunga kanga kiunoni, analia kwa sauti ya juu ya uongo.

"Pelagia! Umeondoka na sufuria langu! Nani atanirudishia, huyu mwanao mwenye miguu ya korongo?"

Alilifikia kaburi, akatumbukia ndani, akajilaza chali. "Fupi," alisema kutoka chini. "Wanyamwezi wamelipima kwa akili zao. Chimbeni tena. Na sitoki mpaka nipewe kuku."

Watu wakaanza kucheka, kwanza kwa aibu, halafu kwa nafasi. Katekista Ambrosi alifunga kitabu, akakunja mikono, akangoja. Alikuwa mtu wa hapo, alijua kwamba hii nayo ni ibada. Siku hizi wangemwita mgambo.

Saidi akiwa mle kaburini alimtazama Raymundi juu yake, macho makavu, midomo imekauka. Akatoka bila kupewa kuku. Akasimama mbele yake, akaufungua ukanda wa mkono wa kushoto, taratibu, kama mtu anayemfungua mtoto kifungo, akalichukua bamba.

"Leo hukamati mtu," alisema. "Leo umekamatwa wewe."

Raymundi aliutazama mkono wake mtupu. Ngozi chini ya ukanda ilikuwa nyeupe kidogo kuliko kwingine. Akacheka. Kile kicheko kikamgeukia kooni, kikawa kilio, kilio kizito kilichokuwa kinamngoja tangu asubuhi, na Saidi akamshika mabega mpaka kikaisha. Kisha Saidi akarudi kaburini, safari hii bila mzaha, akanyoosha mikono, akampokea Bi Pelagia, akamlaza. Mwislamu alimpokea Mkatoliki, na hakuna aliyeona ajabu.

Walipokuwa wananawa mikono, Raymundi alisema, "Nitakuja kulikomboa. Jogoo."

"Mwekundu," alisema Saidi. "Mweupe ni wa padri."

Hapo ndipo Saidi alipofanya kosa, na lilikuwa kosa la mtu mwenye furaha ya kazi iliyofanyika vizuri. Alilifunga bamba mkononi mwake. Alipofika mtaa wa Ipuli, mjini, jioni, jua bado liko juu ya miti, alianza kusimamisha watu njiani. "Simama! Kibali cha kutembea Ipuli kiko wapi? Wewe mama, kikapu hicho kinaruka na ndege gani?" Watu walicheka, watoto wakamfuata. Lakini polisi wawili waliokuwa wamehamishiwa Tabora juzijuzi tu, watu wa mbali ambao njia ya misafara haikupita kwao, hawakucheka. Walimwona mtu mwenye kanga kiunoni amevaa taji la Mfalme, anatoa amri barabarani. Kisheria hilo lina jina: kujifanya askari wa serikali. Na bamba alilipata wapi? Saidi alijibu, "Nimemchukulia mtani wangu," akaendelea kucheka mpaka mlango wa mahabusu ulipofungwa.

Raymundi hakuwa na habari. Siku ya kurudi kazini aliamka mapema, akambana jogoo mwekundu kwapani, akapita kwa Saidi. Alikuta kufuli mlangoni. Jirani akamwambia yote. Raymundi alikwenda uwanjani na jogoo wake, akamfunga mguu kwenye nguzo ya kibanda cha ulinzi, na kabla hajanyooka, Eustace akamwita ofisini.

Bamba lilikuwa mezani, mbele ya Bwana Miluzi. Polisi walikuwa wamelileta na neno moja: watafuata atakachosema mwenye bamba.

"Anauliza, aliliiba?" alisema Eustace.

"Hapana, bwana. Alilichukua."

"Wewe ulimpa?"

"Hapana. Alilichukua."

"Alilichukua bila ruhusa yako?"

"Ndiyo."

"Anasema, basi aliliiba."

"Hapana. Mwambie ni mtani wangu."

Eustace alimgeukia Bwana Miluzi. Alitafuta neno la Kizungu, akalikosa, akatoa lililo karibu: rafiki. Bwana Miluzi akauliza ni rafiki gani anayemvua mwenzake bamba la kazi msibani. Eustace akajaribu: ndugu. Bwana Miluzi akatazama karatasi za ajira, akasema mmoja ni Mzaramo na mwingine Mnyamwezi, mmoja anaswali msikitini na mwingine kanisani, undugu umeingilia wapi? Eustace akajifuta jasho, akasema mwizi mwenye heshima yake. Hapo ndipo alipoona ameharibu kabisa, akaacha kutafuta neno, akaanza kueleza kutoka mwanzo: pembe, njia, homa, makaburi, kuku. Ilichukua muda mrefu. Nje jogoo aliwika, na Bwana Miluzi akageuka kumtazama, kisha akamtazama Raymundi, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu aliyeanza kuona kitu kwa mbali.

Alizungumza kwa upole. Eustace alisikiliza akiinamisha kichwa.

"Anasema amekuelewa. Anasema ni mila nzuri na anasikitika kwa mama yako. Lakini masharti yana maneno mawili tu, kuibiwa na kutoa, na yeye hawezi kutunga la tatu. Uchague. Ukisema uliibiwa, kazi yako ipo, na mwisho wa mwezi unathibitishwa. Saidi atakwenda jela. Ukisema ulimpa, Saidi hakuiba, ataonywa na kuachiwa. Na wewe…" Akainua karatasi kana kwamba anaisoma, akaongeza haraka kwa Kinyamwezi, maneno yake mwenyewe: "Sema uliibiwa, Raymundi. Nimepita kituoni. Saidi mwenyewe anakwambia useme uliibiwa. Anasema jela hakuna Wanyamwezi wengi, atapumzika. Na anasema jogoo usimsahau."

Raymundi alitazama mezani. Shaba ilikuwa imechafuka kwa vidole vya watu. Aliiona nyumba ya matofali, na Koleta amesimama mlangoni kwake, amejishika kiuno. Aliviona viganja vyake mwenyewe, na mistari ya mkonge ambayo haikufutika. Vidole vilevile vingesaini neno kuibiwa, naye angekuwa mtu wa serikali maisha yake yote. Lakini mwizi mwenyewe angekuwa nani? Mikono iliyolifungua bamba ndiyo iliyompokea Bi Pelagia. Ukiiita ya mwizi hapa mezani, umeiita ya mwizi na kule kaburini.

"Nilimpa," alisema.

Eustace akaishusha karatasi.

"Mwambie. Nilimpa kwa mkono wangu."

Bwana Miluzi hakupiga mluzi wowote. Alilivuta bamba upande wake wa meza, akaliweka ndani ya mtoto wa meza, na mambo yakaisha. Raymundi aliivua kofia na shati la serikali palepale, akatoka na fulana, akamfungua jogoo wake, akaukanyaga mstari wa mawe meupe akiwa Raymundi tu.

Koleta alimsikiliza bila kuacha kutwanga. Alipomaliza habari yote, mchi ulisimama.

"Ulisema ulimpa."

"Ndiyo."

"Na mkonge?"

"Mkonge siendi. Mizinga ya baba bado iko porini."

"Nyuki wanauma."

"Mkonge unauma zaidi."

Koleta akaendelea kutwanga, kwa nguvu, kama mtu mwenye ugomvi na mahindi yale. Raymundi hakujua kama ataamka amkute au atakuta kitanda kitupu. Asubuhi alimkuta uani, anamwagia jogoo mwekundu pumba. "Mtani wako anaondoka leo na treni," alisema. "Umekaa tu?"

Ndivyo ilivyokuwa. Polisi walimwachia Saidi kwa onyo, lakini kampuni ya mafuta haikutaka mtu aliyelala mahabusu, ikamwachisha. Saidi aliajiriwa pwani, na masharti ya walioajiriwa pwani yaliwapa tiketi ya kurudi kwao. Raymundi aliajiriwa palepale Tabora. Yeye hakuwa na pa kurudishwa.

Stesheni ilijaa watu, vikapu vya karanga na madebe ya asali. Saidi alikuwa dirishani, behewa la daraja la tatu, kofia yake imekaa upande.

"Mtumwa wangu!" alipaza sauti alipowaona. "Nani anakamata watu uwanjani sasa?"

"Hakuna. Miguu yote miwili inapita."

"Wewe ni mjinga wa kwanza bara yote. Nilikwambia useme niliiba."

"Nani angeamini kwamba Mzaramo ana akili ya kuiba?"

Watu wa dirisha la pili walicheka. Raymundi akamnyanyua jogoo, akampitisha dirishani.

"Wa nini huyu?" alisema Saidi. "Bamba wamelichukua wenyewe. Unakomboa kitu ambacho si chako tena?"

"Wewe ulilichukua kwangu, nimelikomboa kwako. Serikali nayo imelichukua. Ikitaka kuku wake, ije yenyewe idai."

Saidi alijinyoosha nje ya dirisha. Alimpokea jogoo kwa mikono miwili, akamkumbatia kifuani juu ya kanzu yake safi.

"Shemeji," alimwambia Koleta mwishowe, "umemlisha nini, mbona mzito?"

"Ukimchinja kabla ya Dodoma utavimba tumbo," alisema Koleta.

Treni ikalia, mabehewa yakagongana, yakaanza kusogea. Saidi akavua kofia yake ya kiua, akamvika jogoo kichwani, akamtoa nusu dirishani, akalishika bawa lake moja na kulipunga, juu, chini, juu, kama askari anayempigia saluti mkubwa wake. Jogoo akawika chini ya kofia. Stesheni nzima ikacheka, na Raymundi, katika fulana yake, akakaza visigino na kuinua mkono kuijibu saluti ile, akaushikilia hivyo mpaka treni ilipopinda kuingia miombo, na hiyo ndiyo mara ya mwisho alipowaona, mtani wake na jogoo wake.